Aliyeidhinisha Ndiye Anayejibu

Mnamo Januari 1977, Ali Hassan Mwinyi, ambaye wakati huo alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi, alijiuzulu wadhifa wake. Katika operesheni ya kuwasaka watu waliotuhumiwa kwa mauaji yaliyohusishwa na imani za kishirikina katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, maofisa wa vyombo vya dola waliwatesa watuhumiwa waliokuwa mikononi mwao, na baadhi ya watuhumiwa hao wakafariki dunia. Mwinyi hakuwa ndani ya vyumba hivyo vya mahojiano. Hata hivyo, askari walikuwa wa wizara yake, na aliona kwamba waziri hawezi kupokea saluti za jeshi la polisi siku za sherehe kisha akawa mgeni wa jeshi hilo siku ya aibu.

Nimelifikiria tukio hilo mara nyingi tangu nilipokabidhiwa kuongoza kitengo katika ofisi ya umma, na ninaona kwamba limebeba fundisho kubwa zaidi kuliko semina nyingi za maadili nilizohudhuria. Semina hizo huzungumzia rushwa, zawadi, siri za ofisi na mavazi, mambo ambayo yote ni ya lazima. Kanuni nane za maadili ya utumishi wa umma zimebandikwa ukutani katika ofisi nyingi nchini Tanzania, na mtumishi yeyote anaweza kuzisoma akiwa kwenye foleni ya kusubiri kusainiwa barua yake ya likizo. Lakini uadilifu wa kiongozi hauonekani sana siku ambayo mambo yanakwenda vizuri. Unaonekana siku ambayo hoja ya ukaguzi imeingia mezani, kila mmoja anatafuta mlango wa kutokea, na mtu wa cheo cha chini kuliko wote chumbani ameanza kutazamwa na wenzake.

Nilibahatika kuishuhudia siku ya namna hiyo nikiwa bado afisa wa kawaida, chini ya mkuu wa idara ambaye sote tulimwita Mzee. Wakaguzi walikuwa wamebaini kwamba masurufu, yaani fedha ya matumizi iliyotolewa kabla, ya safari moja ya kikazi hayakurejeshwa ndani ya muda uliowekwa, na kwamba hati ya malipo haikuambatanishwa na stakabadhi za mafuta. Hati ile ilikuwa imeandaliwa na karani kijana, mtu wa mkataba, ambaye hakuwa na muda mrefu kazini. Tulipoitwa kikaoni, mmoja wetu alitoa pendekezo ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: "Mzee, huyu kijana aandikiwe barua ya kujieleza, tuambatanishe kwenye majibu, wakaguzi wataridhika."

Mzee hakujibu mara moja. Aliomba jalada, akafunua ukurasa wa hati ile, akaweka kidole chini kabisa, mahali penye nafasi ya muidhinishaji. "Hii saini ni ya nani?" Hakuna aliyesema neno. "Ni yangu. Kijana huyu hana mamlaka ya kuidhinisha malipo, mimi ndiye niliyenayo. Majibu yaandikwe kwamba mkuu wa idara aliidhinisha bila kuhakikisha viambatanisho. Yeye na mimi tutakaa kesho, tuone ni wapi hakufundishwa."

Majibu yaliandikwa hivyo, na Mzee akapata barua ya onyo kutoka ngazi ya juu, barua ambayo ilibaki katika jalada lake binafsi hadi alipostaafu. Naitaja barua hiyo kwa makusudi, kwa sababu tunapenda kuzungumzia uwajibikaji kana kwamba ni jambo lisilo na gharama, na kana kwamba kila anayekubali kosa hupigiwa makofi. Mzee hakupigiwa makofi na mtu yeyote. Alichokifanya baada ya hapo ni kukaa na karani yule kila alasiri, hati moja baada ya nyingine, akimwonyesha kwa nini stakabadhi lazima iwe na tarehe inayolingana na ratiba ya safari, kwa nini namba ya gari lazima isomeke, na kwa nini fedha iliyobaki hurejeshwa benki kabla ya maombi mapya ya masurufu kupokelewa.

Matokeo yake yalikuja kimyakimya. Karani yuleyule ndiye aliyeingia ofisini kwa Mzee, miezi kadhaa baadaye, kueleza kwamba ameona madai ya mzabuni mmoja yameandaliwa mara mbili kwa kazi ileile, na malipo yakazuiwa kabla fedha haijatoka. Ninaamini kwa dhati kwamba katika ofisi nyingine angekaa kimya. Mtumishi aliyeona mwenzake akitolewa kafara hujifunza upesi kwamba anayegundua kosa ndiye atakayeulizwa kwa nini hakuligundua mapema.

Nimefanya kazi pia mahali ambapo barua ya kujieleza ilikuwa jibu la kila jambo, na ninaweza kueleza ofisi ya namna hiyo inavyokuwa. Majalada yanaanza "kutoonekana" masjala. Dokezo dogo la kununua karatasi linazungushwa kwa maofisa watano, kwa kuwa kila mmoja anataka saini ya mwenzake itangulie yake, wala si kwa kuwa wote wana la kuongeza. Maagizo yanatolewa kwa mdomo, kwenye korido, ili yasiache alama. Wananchi wanaosubiri huduma nje hawajui chochote kuhusu hofu hiyo, wanachokiona ni kwamba barua yao imekaa mwezi mzima. Tunapolalamika juu ya urasimu, mara nyingi tunalaumu wingi wa kanuni, ilhali kwa maoni yangu sehemu kubwa ya urasimu wetu inatokana na watumishi wasioamini kwamba mkuu wao atasimama nao.

Hapa lazima niweke mpaka, maana nimeona fundisho hili likigeuzwa kuwa kichaka cha kufichia uovu. Kiongozi kubeba mzigo wa idara yake si sawa na kumkingia kifua aliyeiba. Mtumishi aliyeghushi stakabadhi ana taratibu zake za nidhamu, na ikibidi ana TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, na mahakama. Kujiuzulu kwa Mwinyi hakukuwafutia makosa maofisa waliotesa watu. Baadhi yao walifikishwa mahakamani baadaye. Mambo hayo mawili huenda pamoja: mtendaji anajibu kwa alichotenda, na kiongozi anajibu kwa mazingira aliyoyaruhusu.

Wanaoogopa kuwajibika huniambia kwamba ukikubali kosa umekwisha. Historia ya Mwinyi inaonyesha kwamba si lazima iwe hivyo: alipelekwa kuwa balozi nchini Misri, akarudi kwenye uwaziri, akawa Rais wa Zanzibar mwaka 1984, na Rais wa Jamhuri ya Muungano kuanzia 1985 hadi 1995. Lakini sipendi kuitumia historia hiyo kama ahadi. Wapo waliowajibika na hawakurudishwa popote, na kiongozi anayejiuzulu huku akihesabu atarudi lini anacheza siasa tu.

Kizazi cha Azimio la Arusha kilijaribu kuweka maadili ya uongozi katika masharti yanayopimika. Azimio lile la Februari 1967 lilimkataza kiongozi wa TANU, chama tawala cha wakati huo, na wa Serikali kuwa na hisa katika kampuni, kuwa mkurugenzi wa kampuni binafsi, kupokea mishahara miwili au zaidi, na kuwa na nyumba za kupangisha. Masharti hayo yalilegezwa mwaka 1991 kwa Azimio la Zanzibar, na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo inamtaka kiongozi atamke mali na madeni yake. Sidhani kwamba tunaweza, au tunapaswa, kurudi katika masharti ya 1967 kama yalivyokuwa. Hata hivyo swali lililokuwa ndani yake halijazeeka, na linatufikia hata sisi wa vitengo vidogo: duka linaloleta vifaa vya ofisi ni la nani, na chai ya kikao inapikwa na shemeji ya nani? Katika kitengo chetu anayejua kwamba ana uhusiano na mzabuni hutamka hivyo kabla ya kikao kuanza, jina lake linaandikwa kwenye muhtasari, naye anatoka nje mpaka uamuzi ufikiwe. Ni jambo la dakika chache, na limetuepusha na minong'ono mingi.

Kuna andiko jingine la enzi hizo ambalo linanigusa zaidi ninapofikiria namna ya kujirekebisha mwenyewe, nalo ni Mwongozo wa TANU wa 1971. Ibara yake ya 15 ilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, makuu, dharau na uonevu. Wafanyakazi waliichukua kwa uzito wake wote, na katika miaka iliyofuata viwanda kadhaa vya Dar es Salaam vilikumbwa na migomo ambayo, pamoja na masuala ya mishahara, ilihusu matusi na ubabe wa mameneja. Mtu anayedhani heshima kazini ni jambo la adabu tu, lisilohusiana na uzalishaji, angeisoma historia ya migomo ile.

Nimeichukua ibara hiyo kuwa kipimo changu cha kila siku, hasa katika mazungumzo na watu ambao hawawezi kunijibu: mhudumu wa ofisi, mlinzi wa getini, dereva, mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo. Ni rahisi kuwa mpole kwa mkurugenzi. Ninapotaka kujua kama nimepiga hatua, sijiulizi wakubwa wananionaje, kwa sababu wao huniona nikiwa katika sura yangu nzuri.

Kwa sababu hiyo nimeipa tathmini ya utendaji kazi nafasi ambayo wengi hawaipi. Mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini, tuliouzoea kwa jina la OPRAS, ulianza mwaka 2004, na siku hizi kazi hiyo imehamia kwenye kompyuta kupitia mfumo uitwao PEPMIS. Kote kuwili nimeona watu wakijaza malengo kwa haraka tarehe ya mwisho inapokaribia, msimamizi akikubali bila kusoma. Mimi hutenga muda wa kukaa na kila mtumishi, na baada ya kumaliza malengo yake humwuliza swali ambalo halimo kwenye mfumo: ni kitu gani katika namna tunavyopangiana kazi kinachokuzuia kuifanya vizuri? Mwanzoni niliambiwa kwamba kila kitu ni kizuri, "hakuna shida, Dada." Ilichukua muda kabla dereva hajaniambia kwamba madereva wa ofisi huarifiwa safari usiku wa kuamkia siku yenyewe, na kwa hiyo gari huondoka bila kukaguliwa breki wala matairi. Huo ulikuwa utaratibu wa miaka mingi, na hakuna aliyewahi kuona kwamba una kasoro, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwuliza anayeshika usukani.

Sasa ratiba ya safari za wiki inayofuata hubandikwa kila Alhamisi mchana, na safari ya dharura isiyokuwemo lazima iwe na maelezo ya maandishi kutoka kwa aliyeiomba, hata kama aliyeiomba ni mimi. Dereva ana haki ya kukataa kuondoa gari ambalo hakupewa muda wa kulikagua. Haki hiyo tumeiandika katika muhtasari wa kikao cha kitengo, ili asilazimike kuidai kwa ujasiri wake mwenyewe mbele ya mtu anayempita cheo, na ili kaimu wangu, ninapokuwa likizo, aikute ikiwa tayari.