Siku yangu moja: mwalimu wa ununuzi, Nakuru

Saa kumi na moja alfajiri. Nilistaafu jeshini kitambo, lakini mwili bado huamka kwa saa ya kambi. Nasahihisha mtihani hapa nyumbani Lanet. Niliuliza: mbona jeshi huchelewa kununua? Wengi wamejibu "ufisadi" wakaishia hapo. Jibu hilo halitoshi.

Saa mbili, matatu, foleni ya mtaa wa Section 58.

Saa tatu, darasani. Nawasimulia ya Iraq. Februari 2005 askari wa Marine wa Marekani waliomba kwa dharura magari 1,169 yenye tumbo la umbo la V, linalotawanya mlipuko wa bomu la barabarani. Ombi likalala. Mei 2007 Waziri wa Ulinzi, Robert Gates, akaagiza kazi hiyo itangulie nyingine zote. Hawakuanza kubuni upya, kwa kuwa tumbo la aina hiyo lilikuwa limejaribiwa Afrika Kusini miaka mingi. Oda ikagawiwa kampuni kadhaa kwa mpigo, kila moja ilete ilichoweza kuunda haraka, na mengine yakapakiwa kwenye ndege. Lakini magari ya aina nyingi yana vipuri vya aina nyingi. Hapo nakaa sana, maana nilikuwa mtu wa stoo.

"Mwalimu, si zabuni zifutwe tu?" anauliza kijana mmoja.

La. Sheria yetu ya ununuzi ya 2015 inataka siku 14 zipite baada ya matokeo ya zabuni kabla ya kutia sahihi mkataba, ili aliyekosa aweze kulalamika. Siku hizo zisiguswe. Sheria hiyohiyo inaruhusu mkataba wa hadi miaka 3 na wauzaji waliokwisha kupigwa msasa, na haja ikitokea unaagiza tu. Haraka ya kweli huandaliwa kabla ya dharura.

Saa nane, mazoezi: kila mmoja aandike maelezo ya buti la askari la kununuliwa. Nawaambia ukweli wangu: mwaka mmoja tulisubiri mabuti ya mvua, yakafika kiangazi. Vijana wangu walivaa mifuko ya nailoni ndani ya soksi. Bado inaniuma.

Saa kumi, binti mmoja amebaki. Ameandika: "Buti jeusi la ngozi, inchi nane." Namuuliza, askari anahitaji nini? Anafikiri, anafuta, anaandika: "Mguu ubaki mkavu baada ya saa sita kwenye matope." Sasa muuzaji yeyote mwenye wazo bora anaweza kuja. Namwambia aongeze namna ya kulipima buti hilo.