Kutembea Olorgesailie na mama mwenye magoti mabovu

Mama yangu amevuka miaka sabini na magoti yake hayataki mlima. Lakini kuna jambo lililomkaa moyoni tangu ujana wake, alipokuwa akipanda basi kwenda Magadi kumtembelea mjomba aliyefanya kazi huko. Karibu na Oltepesi, ardhi kando ya barabara inageuka nyeupe. Si chumvi, maana ziwa Magadi lenyewe bado liko mbali. Ni vilima vya udongo mweupe katikati ya vumbi la kahawia na migunga. Kila alipouliza ni nini, abiria wenzake walimwambia ni chokaa. Hakuridhika.

Basi nilipoanza kutafuta mahali pa kumpeleka atembee kidogo, aone jambo la maana na arudi bila kuumia, sikuhangaika sana. Udongo ule mweupe uko Olorgesailie, mahali zilipochimbwa zana za mawe na mifupa ya kale, kilomita kama 70 kusini-magharibi mwa Nairobi, panaposimamiwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Njia zake ni za vumbi lililokanyagwa, nyingi ni tambarare, na juu ya sehemu zilizochimbwa wamejenga njia za mbao. Unapita juu ya mabaki bila kuyakanyaga.

Nilipiga simu kwanza. Niliuliza ni umbali gani kati ya kibanda kimoja cha kivuli na kingine, kama njia ina ngazi, na kama mwongozaji anaweza kwenda na mtu mzima kwa mwendo wake. Ukiwa na mzee, maswali hayo ni muhimu kuliko bei ya kiingilio. Maji tulibeba ya kutosha ya kwetu, pamoja na kofia pana, bakora na viatu vya kufunika vidole, kwa sababu miiba ya migunga haina huruma. Tuliondoka Nairobi kabla ya jua kuchomoza. Bondeni joto hupanda haraka, na kufikia saa tano nilitaka tuwe tumemaliza sehemu zote za wazi.

Somo lenyewe linaanzia barabarani. Ukishapita Kiserian na kufika Kona Baridi, simamisha gari. Nyuma yako kuna vilima vya Ngong, mabaki ya volkeno ya zamani iliyokatwa na mipasuko ya Bonde la Ufa. Mbele yako ardhi inashuka kwa madaraja makubwa, moja baada ya jingine. Kila daraja ni mahali ambapo kipande cha ardhi kilididimia huku pande mbili za bonde zikivutana kwenda mbali. Kutoka ubaridi wa Ngong hadi Olorgesailie unashuka karibu mita elfu moja, na masikio yanaziba kabla hujafika. Mama alitaka nimwonyeshe kila daraja, nikamwonyesha. Tulichelewa kidogo na sikujali.

Tulipofika, mwongozaji alikuwa kijana wa Kimaasai wa hapo hapo. Alimwamkia mama kwa heshima, akaniambia tuanze na sehemu ya mbali wakati jua bado changa, halafu jengo dogo la makumbusho liwe la mwisho, kwa kuwa lina kivuli na pa kukaa. Ningemshauri hivyo hivyo yeyote anayekwenda na mzee au mtoto. Wengi huanza na makumbusho kwa sababu yako langoni, kisha hutoka nje jua likiwa la utosi.

"Polepole, yeyo," alikuwa akimwambia mama, yaani mama kwa Kimaasai. "Hapa hakuna mtu anayekimbia."

Kwenye ukingo wa korongo la kwanza mama alisimama na kunyoosha bakora. Ule mweupe. Akauliza swali lake la tangu zamani, na safari hii akapata jibu. Ni diatomaiti. Hapa palikuwa na ziwa, lililokuja na kuondoka mara nyingi kati ya miaka kama milioni 1.2 na nusu milioni iliyopita. Ndani yake waliishi viumbe vidogo sana wa jamii ya mwani, kila kimoja na ganda la silika, mada ile ile inayotengenezewa kioo. Walipokufa maganda yakazama, yakarundikana vizazi na vizazi, na rundo hilo ndilo udongo mweupe. Mama alichukua vumbi kidogo la njiani, akalisugua kati ya vidole. Ni laini na jepesi kuliko linavyoonekana.

Ukishaujua mweupe, yaliyobaki yanasomeka. Mstari mweupe ni wakati wa maji. Mstari wa kahawia ni wakati ziwa lilipokauka, nyasi zikaota na wanyama wakapita. Mstari wa kijivu ni majivu ya volkeno, na huo ndio unaowapa wataalamu tarehe. Ndani ya majivu kuna fuwele zenye potasiamu, na sehemu ndogo ya potasiamu hiyo hugeuka gesi ya arigoni kwa kasi isiyobadilika. Ukipima arigoni iliyonaswa ndani ya fuwele, unajua mlima ulilipuka lini. Tulisimama pale muda mrefu, mama akihesabu mistari kwa bakora kutoka chini kwenda juu. Nadhani hili ndilo linalowapita wageni wengi wa Olorgesailie. Wanafuata mifupa tu, na kuta za korongo wanazipita bila kuzitazama.

Halafu tukafika kwenye zana za mawe. Mwanajiolojia J. W. Gregory aliziona katika eneo hili mwaka 1919, lakini waliozifanya zijulikane ni Louis na Mary Leakey kuanzia 1942. Mwaka 1947 mahali hapa pakafunguliwa kwa umma. Zana nyingi zimeachwa chini palepale zilipokutwa, nawe unazitazama ukiwa kwenye njia ya mbao. Ni mashoka ya mkono, yenye umbo la chozi, yaliyochongwa pande zote mbili, mamia kwa mamia, mengine makubwa kiasi kwamba hushiki kwa raha. Mawe yake yanatokana na lava ya mlima Olorgesailie, ile volkeno iliyokufa inayoonekana upande wa kusini.

Mama amechuna mbuzi maisha yake yote. Aliyatazama mashoka yale kwa jicho la mtu anayejua kazi, akamwambia mwongozaji kwamba lile refu si la kuchunia, litatoboa ngozi. La kuchunia ni lile pana lenye ukingo ulionyooka. Kijana akacheka kwa furaha, akamwambia ndiyo, mapana ya namna hiyo yana jina lake mbali kwa wataalamu. Sijawahi kumwona mama akiwa karibu hivyo na watu waliokufa miaka laki nyingi kabla yake.

Kuna mfupa wa mguu wa tembo wa aina iliyotoweka, na kando yake wameweka wa tembo wa leo ili ulinganishe. Wa leo unaonekana wa mtoto. Katika sehemu nyingine ya bonde hili yalikutwa mabaki ya nyani wakubwa waliotoweka, wengi mahali pamoja, yakiwa katikati ya mashoka, na wataalamu wamebishana kama waliwindwa. Mifupa ya binadamu wenyewe ni adimu. Kuna vipande vya fuvu dogo vilivyopatikana mwaka 2003, vya miaka kama laki tisa.

Jambo lililonigusa zaidi ni pengo. Tabaka za zamani zinafika karibu miaka 490,000 iliyopita, kisha ukurasa unakatika, kwa sababu mipasuko ilivuruga bonde na mmomonyoko ukala udongo. Unaporudi kusomeka, karibu miaka 320,000 iliyopita, mashoka makubwa yametoweka. Badala yake kuna zana ndogo, nyembamba, nyingine za kioo cheusi cha volkeno kilicholetwa kutoka mbali, hata kilomita zaidi ya 90, pamoja na mawe ya kutolea rangi nyekundu na nyeusi. Matokeo hayo yalitangazwa mwaka 2018. Wataalamu wanaona kwamba watu walikuwa wameanza kubadilishana vitu na majirani wasiowaona kila siku. Namwomba kila anayefika hapo amuulize mwongozaji kuhusu pengo hilo.

Matembezi yote, pamoja na kupumzika kwenye kila kivuli, yalituchukua asubuhi moja. Magoti ya mama yalivumilia, kwa kuwa hakuna mahali tulipopanda kwa nguvu. Usiokote chochote, hata kijiwe kinachoonekana hakina maana. Sheria ya mwaka 2006 inakataza, na zaidi ya hapo, jiwe lililotolewa mahali pake halina tena tabaka la kulieleza. Nunua shanga kwa akina mama wa pale ukitaka kumbukumbu. Na ukiwa na mzee, usiunganishe na ziwa Magadi siku hiyo hiyo ingawa barabara ni moja. Joto la mchana kule ni la kweli.

Mama sasa ameulizia Kariandusi, karibu na Gilgil, ambako kuna mashoka ya aina hiyo hiyo na diatomaiti inachimbwa jirani. Kule kuna mteremko, kwa hiyo nimeshaanza kupiga simu kuuliza habari za ngazi.