Herodia Hakuwa Ukumbini

Bwana asifiwe, wapendwa.

Jumanne, kwenye kikao cha kwaya, mama mmoja wa alto alisimama akasema kwa upole, "Haya mambo kuna mtu aliya-orchestrate." Hakunitazama. Hakujua ni mimi niliyepiga zile simu tatu usiku, kuwaandaa watu wamwondoe mama huyo katika uongozi.

Nilirudi nyumbani Umoja kwa matatu, neno lile "orchestrate" likinigonga kichwani njia nzima. Sisi waimbaji tunalijua kwa wema wake: kugawa wimbo, kila chombo kipate sehemu yake. Waingereza walianza kulitumia hivyo karne ya 19, baadaye likabeba na upangaji wa chinichini. Mzizi wake ni okestra, uwanja ambapo kwaya ya Wayunani ilicheza na kuimba mbele ya jukwaa, na okestra yenyewe imetoka katika kitenzi chao cha kucheza ngoma.

Kitenzi hicho kimo katika Injili. "Tuliwapigia filimbi, wala hamkucheza," Mathayo 11:17. Kimo pia katika Agano la Kale la Kiyunani, pale Mikali alipochungulia dirishani akamwona mumewe Daudi akicheza mbele za Bwana, akamdharau. Nilifurahi, mpaka nilipofika Marko 6:22. Binti wa Herodia aliingia, akacheza. Neno ni lilelile.

Someni sura hiyo polepole. Herodia alikuwa na kinyongo na Yohana Mbatizaji, akasubiri siku yake. Ngoma inachezwa, wageni wanafurahi, mfalme anaapa. Binti anatoka nje kumwuliza mamaye, "Niombe nini?" Anatoka nje! Mama hakuwa ukumbini. Aliagiza kichwa cha Yohana, na mkono wake haukuonekana na mtu.

Ndugu zangu, hatukushika upanga, lakini ni wangapi tunakaa nje ya ukumbi tukisubiri kuulizwa tuombe nini? Tunaita hekima ya uongozi. Tunasema "tuliombee jambo hili" huku kura tumeshazihesabu. Kwenye kamati, kwenye chama, hata kwenye mipango ya mazishi! Daudi alicheza mahali ambapo hata mwenye kumdharau alimwona. Jamani, ukiona jambo lako haliwezi kusemwa mbele ya huyo unayemsema, kata simu.

Jana nilimpigia mama yule, hakushika. Leo nikitoka kazini napitia kwake Kayole, nimwambie kwa kinywa changu. Kikao kijacho nitawaambia na wanakwaya wote. Mniombee, wapendwa, maana miguu inakuwa mizito.