Mtetea aliyekataa vifaranga wa kambo

Hapa Ujiji, mtetea wangu mwekundu aliatamia kwa siku 21 akatotoa vifaranga sita, nami kwa tamaa nikamwongezea wanne wa wiki moja niliowanunua sokoni, tena mchana kweupe, jambo ambalo mama alikuwa amenikanya. Aliwatazama kidogo, akamdonoa mmoja utosini hadi damu ikamtoka, na kabla sijafunua tenga wawili walikuwa wamekwisha kufa. Kifaranga wa kambo huingizwa usiku, chini ya mbawa, akiwa na umri sawa na wenzake, yaani siku moja au mbili. Isitoshe, wa sokoni aweza kuja na kideri, ugonjwa wa kuku unaoambukiza na kuua (hilo sikuliwaza kabisa). Waliosalia nawalea ndani ya boksi, kando ya chemli.