Datsun 240Z: taimingi imekaa, mwongo alikuwa puli ya krenki

Imevuta! Jana jioni Datsun ilipanda mlima wa Mazeras kwa gia ya nne, mimi na fundi ndani pamoja na sanduku zima la spana, na mshale wa joto haukutoka katikati. Tangu injini irudi mahali pake, mlima huo ndio uliokuwa ukinirudisha nyumbani na hasira. Kwa hiyo leo hakuna habari za rangi wala za viti. Ni taimingi tu, yaani wakati ambao plagi hutoa cheche.

Kwa wageni, kwa ufupi: ni 240Z ya 1972, modeli ya HS30, usukani kulia, injini ya L24 ya cc 2,393, kabureta mbili za Hitachi. Niliwahi kuiuza kulipia karo ya chuo kikuu ya binti yangu, na leo ni daktari wa meno, kwa hiyo sikuijutia hata siku moja. Namba yake ya usajili tu ndiyo haikunitoka kichwani. Mzee wa Nakuru aliyeinunua aliilaza bandani, mbali na chumvi ya bahari, na alipoamua kupunguza magari alinipigia mimi kwanza. "Mwenyewe yuko hai, nimuuzie nani mwingine?" Mungu ambariki. Bodi haina kutu ya kutisha, isipokuwa chini ya betri, mahali ambapo Z zote huoza.

Sasa ugonjwa wenyewe. Injini inawaka mara moja na inatulia vizuri. Ukivuka mizunguko 3,000 inakuwa nzito, joto linapanda, na usiku ukifungua boneti unaikuta manifoldi ya ekzosi imeiva nyekundu. Kila aliyeiona alisema kabureta. Kwenye Z kila ugonjwa hupewa jina hilo. Basi nikazifungua, nikazisafisha, nikapima kina cha petroli kwenye vyumba vya boya, nikaziwianisha kwa kipima hewa mpaka zote mbili zikavuta sawasawa. Hakuna kilichobadilika. Nikapima valvu injini ikiwa baridi, milimita 0.20 za kuingiza na 0.25 za kutoa. Koili mpya, pointi mpya, kondensa, waya, plagi za BP6ES. Nikafungua distributa kuangalia vizito na springi zake. Vinacheza na kurudi bila kukwama. Taimingi nayo niliiweka kwa lampu ya taimingi, ile inayomulika alama za puli ya krenki kila plagi ya kwanza inapotoa cheche, nyuzi 17 kabla ya pistoni kufika juu, kama kitabu kinavyotaka.

Fundi wangu ni mzee aliyejifunza kazi enzi Datsun zikitawala mbio za Safari Rally, na lampu haitaki. Hulegeza distributa, huizungusha kidogo kidogo huku ameinamisha kichwa, kisha hufunga. Alipoiweka kwa sikio lake, gari ilivuta! Nikawasha lampu kuhakiki: nyuzi 29, tena injini ikiwa imetulia bila kukanyagwa. Ukiongeza zile zinazoletwa na vizito vya distributa mizunguko ikipanda, hesabu hiyo inatoboa pistoni. Nikairudisha kwenye 17, nguvu zikafa. Tukabishana hadi chai ikapoa. "Mwanangu, sikiliza gari yako," aliniambia, na mimi nilikuwa na lampu mkononi inayosema kinyume. Hali hiyo ilininyima usingizi kweli, maana vyote viwili, sikio la mzee na lampu, ninaviamini.

Aliyefungua fumbo ni mnyororo wa taimingi, ule unaounganisha krenki na kemu, shafti inayofungua valvu. Wenye injini za L wanajua: ukiweka krenki kwenye alama ya sifuri, pistoni ya kwanza ikiwa juu kabisa, na kufungua kifuniko cha valvu, unaangalia kale kakovu kadogo kwenye gurudumu la meno la kemu dhidi ya mstari wa bamba lililo nyuma yake. Mnyororo ukirefuka kwa uzee, kemu hubaki nyuma, na gurudumu lina matundu matatu ili uweze kuirudisha mbele. Nikaangalia. Kakovu hakakuwa mahali pake. Ila mnyororo wangu ni mpya kabisa, na zaidi ya hapo, kemu haikubaki nyuma, ilikuwa imetangulia! Mnyororo hauwezi kufanya hivyo. Meno yangekuwa yameruka, kosa lingekuwa kubwa zaidi ya lile nililoliona. Kwa hiyo kemu iko sawa, na ile sifuri ya krenki ndiyo si sifuri.

Puli ya krenki ya L24 si chuma kimoja. Kuna kitovu kinachofungwa kwenye krenki, kuna duara la nje lenye mifuo ya mkanda na alama za taimingi, na katikati kuna mpira wa kumeza mtikisiko. Mpira wa miaka 50, uliolowa oili ya sili iliyochoka, huachia. Duara la nje linateleza taratibu na kubeba alama zote, na kwa macho huoni kitu.

Ushahidi nikautafuta kwa plagi ya zamani. Nilivunja kauri yake, nikatoboa chuma, nikakata uzi na kupitisha bolti yenye ncha ya mviringo. Unatoa plagi zote, unafunga kifaa hicho silinda ya kwanza, unazungusha krenki polepole kwa soketi ya 27 mpaka pistoni iguse, unatia alama. Unazungusha upande wa pili mpaka iguse tena, alama nyingine. Katikati ya alama hizo mbili ndiko pistoni inakuwa juu kabisa, bila kubahatisha. Usitumie nguvu wala stata, ni mkono tu. Nikapima mzingo wa puli kwa uzi, nikagawa kwa 360, na tofauti ikatoka karibu nyuzi 12. Lampu iliposoma 17, ukweli ulikuwa 5. Mzee alipoweka 29, alikuwa ameigusa 17 ya kweli kwa sikio! Nilimpigia saa ile ile kumwambia. Alicheka, akauliza kama chai ipo.

Kuhusu lampu, maoni yangu hayajabadilika: nunua ile ya kawaida, imara, yenye klipu nzuri. Zile zenye kitufe cha kuchagua nyuzi zinapendeza, lakini yangu ya aina hiyo iliyumba mara tu mizunguko ilipopanda. Na kile kifaa cha plagi kisikosekane sandukuni. Kwangu kimeshinda kila chombo cha bei nilichonunua kwa kazi hii.

Kupaka alama mpya juu ya puli ileile sikutaka, kwa sababu duara lililoanza kuteleza linaweza kuchomoka na kukata rejeta. Binamu yangu aliye Sharjah alizunguka kwenye masoko ya vipuri vilivyotumika akanipatia puli ya injini ya L28, mpira wake mzima. Hata hiyo niliipima kwanza kwa kifaa kilekile. Sifuri yake ni sifuri. Sili ya krenki mpya, taimingi 17, na mizunguko ikipanda jumla inatua kwenye 35. Manifoldi haiivi tena, na ile sauti ya silinda sita zilizojipanga mstari, jamani, niliposhika Mazeras nilifungua madirisha yote mawili.

Mpango wa wiki hii ulikuwa raba za milango. Umesimama. Katika kurudi, mzee alianza kunisimulia 1971, Edgar Herrmann na Hans Schüller wakishinda Safari kwa 240Z nyekundu yenye boneti nyeusi, Shekhar Mehta wa pili kwa gari kama hilo, halafu 1973 Mehta mwenyewe na Lofty Drews wakachukua ushindi. Tulipofika Miritini nilikuwa nimeshaamua: hii itavaa bamba la kulinda sampu, beseni la oili chini ya injini, kama zile. Kiolezo cha kadibodi nimekikata usiku wa jana, na nimeacha tundu la kumwagia oili. Kinachonisumbua ni unene. Fundi wa kuchomelea anataka chuma cha milimita 4, mimi nahofia uzito kwenye springi za mbele na nafikiria alumini ya 6. Aliyewahi kuifunga kwenye Z aniambie aliifunga kwenye boriti ipi, na kama aliacha nafasi ya hewa kupita chini ya sampu, maana joto la Mombasa mnalijua.