Wiki za kwanza za Asali hapa Isevya

Asali ni mbwa jike wa aina ya German Shepherd, mwenye umri wa wiki 8, na tangu alipofika hapa Isevya, mjini Tabora, kutoka Mwanza, kwa njia ya Shinyanga na Nzega, jambo linalonishughulisha kuliko chakula na kibanda ni muda. Mtoto wa mbwa huizoea dunia kwa wepesi kuanzia wiki ya 3 hadi karibu wiki ya 14 ya maisha yake. Anachokiona na kukisikia bila kudhurika katika kipindi hicho hukihesabu kuwa cha kawaida, na asichokutana nacho mara nyingi humtia hofu atakapokuwa mkubwa. Lakini kipindi hichohicho ndicho ambacho ugonjwa wa parvo, unaoletwa na virusi na kuwaharisha vibaya, huangamiza watoto wa mbwa wengi, kwa sababu kinga waliyoipata kwenye maziwa ya mama inapungua siku hadi siku, nayo kinga hiyo, kabla haijakwisha, huweza kuizuia chanjo isifanye kazi yake. Kwa hiyo chanjo ya pamoja, inayokinga parvo na magonjwa mengine, huanza kati ya wiki ya 6 na ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka mnyama atimize walau wiki 16. Nikimfungia ndani mpaka chanjo zikamilike, nitakuwa nimemlinda na ugonjwa huku nikimwachia woga wa maisha.

Maandalizi ya nyumba niliyafanya kabla hajaja, nikianza na ardhi. Virusi vya parvo hukaa kwenye udongo kwa miezi mingi, na uani kwetu mbwa wa mtaani walikuwa wakipita usiku kwa sababu ua ulikuwa na mianya upande wa nyuma. Mianya hiyo niliiziba, lakini udongo hauwezi kusafishwa kwa jiki kama inavyosafishwa sakafu ya saruji, maana uchafu huipunguzia dawa nguvu. Niliamua makao yake ya kwanza yawe baraza, ambayo niliisugua kwa sabuni, kisha nikaipaka jiki iliyochanganywa sehemu moja kwa sehemu thelathini za maji, nikaiacha kwa muda kabla ya kuisuuza. Viatu vya wageni vinabaki nje ya baraza. Kibanda nacho fundi alikipiga lipu upya mpaka nyufa zote zikajaa, kwa kuwa kupe wa mbwa hupanda ukutani na kutaga mayai kwenye nyufa, na mtu anaweza kumwogesha mbwa dawa kila wiki huku ukuta ukizalisha wengine.

Kuhusu kumtoa nje, njia niliyoichagua ni kapu kubwa la ukindu lililotandikwa shuka kuukuu. Asubuhi, jua kabla halijawa kali, nambeba humo bila kumruhusu akanyage chini wala kunusana na mbwa mwingine. Tunapita chini ya miembe hadi karibu na stesheni, tukasikia honi ya treni na vishindo vya mabehewa, kisha tunasimama kando ya soko aone bodaboda, mikokoteni, kina mama wenye mizigo kichwani, wazee wenye fimbo na watoto wa shule. Mwanzoni masikio yake, ambayo bado yamelala, yalishuka zaidi kila honi ilipolia. Sasa huinua kichwa, akatazama, akarudi kulala. Sijui kama wapita njia wanafahamu jinsi mtazamo huo mtulivu unavyonifurahisha.

Nasema hivi kwa sababu desturi ya kumfungia mbwa wa ulinzi kutwa nzima ili awe mkali imeenea mno, na naamini inawaumiza mbwa hawa kuliko ugonjwa wowote. Max von Stephanitz, aliyesajili aina hii nchini Ujerumani mwaka 1899, wakati Tabora yenyewe ikiwa chini ya utawala wa Wajerumani, alitaka mbwa wa kazi, mwenye akili na anayemsikiliza mtu. Mbwa aliyekulia gizani hawezi kupambanua mgeni na mwizi, kwa hiyo humbwekea na kumng'ata yeyote kwa sababu anamwogopa kila mtu.

Majirani nao walihitaji kuandaliwa. Mzee wa nyumba ya pili ni mtu wa msikitini, nami nilikwenda kumwamkia na kumweleza kabla mbwa hajafika. Aliniambia, "Mwanangu, mbwa wa kulinda hana ubaya, ila nikishatawadha asinifikie." Nikamwahidi kwamba geti litafungwa nyakati za swala na kwamba Asali hatatembea bila kamba katika njia ile. Ahadi hiyo naihesabu kuwa sehemu ya malezi yake, sawa na chanjo.

Chakula hakinisumbui sana. Siku za mwanzo niliendelea na kile alichokizoea kwa mfugaji, nikakibadilisha kidogo kidogo kwa muda wa wiki moja, milo minne kwa siku, pamoja na dagaa wa Kigoma walioondolewa mchanga na chumvi. Maziwa ya ng'ombe simpi, kwani huwaharisha, wala chakula chenye vitunguu. Wapo walionishauri nimnunulie unga wa kalsiamu ili masikio yasimame upesi, lakini nimekataa kabisa: watoto wa mbwa wakubwa hawawezi kuizuia miili yao isifyonze kalsiamu iliyozidi, na mifupa ikakua vibaya. Masikio kwa kawaida husimama yenyewe kabla ya miezi sita.

Dawa ya minyoo anapewa kila wiki mbili hadi afikishe miezi mitatu, jambo ambalo nalisimamia kwa ukali kwa ajili ya watoto wangu, kwani minyoo ya mbwa huambukizwa tangu tumboni mwa mama na mayai yake huweza kumdhuru mtoto anayecheza mchangani. Porini hatapelekwa, hata akikomaa, kwa sababu ya ndorobo, ambao huwaambukiza mbwa nagana, ugonjwa wa vimelea vya damu. Chanjo ya kichaa cha mbwa atachomwa akitimiza wiki 12, na nimekwisha kuzungumza na daktari wa mifugo pamoja na majirani wanaofuga mbwa wa kienyeji ili siku hiyo walete na wa kwao. Watatu wamekubali, na wa nne nitarudi kwake Jumapili, kwa kuwa mbwa wake ndiye anayezunguka zaidi mtaani na watoto wote wanamjua.