Jinsi nilivyodai fidia ya bima baada ya bomba kupasuka kwa baridi

Bima ya nyumba huku Marekani haianzi kwa kuuliza ni kitu gani kimeharibika, bali ni nini kilichokiharibu. Nililishika jambo hilo tangu siku ya kwanza, mwishoni mwa majira ya baridi, bomba la maji lilipopasuka ndani ya ukuta wa nje wa jiko letu hapa Minnesota wakati familia nzima tulikuwa tumesafiri. Baridi kali ilikuwa imedumu kwa muda, kisha hali ya hewa ikabadilika ghafla na theluji ikaanza kuyeyuka. Tuliporudi, dari ya chumba cha chini ya ardhi, ile iliyo chini ya jiko, ilikuwa imening'inia, makabati yamevimba, na zulia la huko chini limelowa kutoka ukuta hadi ukuta.

Nilifunga koki kuu, nikazima umeme wa upande ule, kisha nikapiga picha na video za kila kona kabla ya kuhamisha chochote. Mkataba wenyewe unamtaka mwenye nyumba achukue hatua za haraka za kuzuia hasara isiongezeke na atunze kumbukumbu za gharama zake, kwa hiyo sikumsubiri mtathmini hasara ndipo niite watu wa kunyonya maji na kuweka mashine za kukausha. Risiti zao niliziweka kwenye faili moja na picha. Mabaki ya dari, vipande vya zulia na kile kipande cha bomba sikuvitupa mpaka mtathmini alipoviona.

Bomba lililopasuka linaeleza mengi likisomwa vizuri. Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9, lakini mara nyingi bomba halipasuki pale penye barafu. Hupasuka mahali ambapo maji yaliyobanwa kati ya barafu na koki ya sinki iliyofungwa yamepata shinikizo kubwa kupita uwezo wa chuma. Ndiyo maana uvujaji huonekana barafu inapoyeyuka, wakati mwingine siku kadhaa baada ya baridi yenyewe. Nilimwomba fundi bomba aandike hayo katika ripoti yake: mahali ufa ulipo, urefu wake, na kwamba kingo zake zilikuwa safi, bila kutu wala dalili za kuvuja kwa muda mrefu. Sentensi ile ya mwisho ilikuwa na thamani kuliko picha zangu zote, kwa sababu mkataba unalipia maji yaliyomwagika ghafla na kwa bahati mbaya, ilhali uchakavu na uvujaji wa miezi mingi umeachwa nje.

Kulikuwa na swali jingine nililojua litakuja. Mkataba wetu ni wa aina inayojulikana kama HO-3, ambao hutumiwa na wenye nyumba wengi Marekani, na unasema wazi kwamba hasara ya mabomba kuganda hailipwi isipokuwa mwenye nyumba amejitahidi ipasavyo kudumisha joto ndani ya jengo, au amefunga maji na kuyatoa yote mabombani. Mashirika ya bima kwa kawaida hushauri joto lisishuke chini ya nyuzi 55 za Farenihaiti, yaani karibu nyuzi 13 za Selsiasi, hata nyumba ikiwa tupu. Sisi tulikuwa tumeacha nyuzi 60. Nilijua, hata hivyo, kwamba kauli ya mdomo peke yake haingetosha, hivyo nikaomba kampuni ya gesi inipe taarifa ya matumizi ya kila siku kwa kipindi tulichokuwa safarini, nikaiambatanisha na rekodi ya kidhibiti joto. Mtathmini alipouliza, "Mlipoondoka, joto mliliacha wapi?" nilimkabidhi karatasi, naye akaendelea na swali lililofuata.

Ugumu wenyewe ulikuwa kule chini. Udongo ulikuwa bado umeganda, kwa hiyo maji ya theluji inayoyeyuka hayakuweza kuzama ardhini. Yalifuata msingi wa nyumba na kupenya pale sakafu inapokutana na ukuta. Kwa maneno mengine, zulia lilikuwa limelowa kwa maji ya aina mbili, moja linalolipiwa na jingine lisilolipiwa, kwani mkataba wa kawaida hauhusishi mafuriko wala maji yanayopenya kutoka chini ya ardhi. Watu wengi hudhani bima ya mafuriko ya serikali ya shirikisho ingeziba pengo hilo. Hiyo huanza kufanya kazi, kwa kawaida, siku 30 baada ya kununuliwa, inalipia mambo machache sana katika chumba cha chini ya ardhi, na upenyaji wa maji bila mafuriko halisi katika eneo hauhesabiwi kuwa mafuriko.

Sikujaribu kuficha maji ya pili. Nilichofanya ni kuyatenganisha. Maboksi yaliyokuwa chini ya jiko yalikuwa yamelowa juu, vifuniko vimelainika na kubonyea, huku sehemu za chini zikiwa bado ngumu. Yale yaliyokaa kando ya ukuta wa kaskazini yalikuwa kinyume chake, makavu juu na yenye mstari wa unyevu uliopanda kutoka sakafuni. Nilipiga picha za kila boksi kwa pande zote mbili na kuchora ramani ndogo ya chumba. Mtathmini aliikubali ramani ile karibu kama ilivyo. Vitu vya chini ya jiko na sehemu ya zulia iliyokuwa hapo vililipiwa. Vya ukuta wa kaskazini havikulipiwa, na kwa maoni yangu uamuzi ulikuwa wa haki. Tulibishana tu juu ya ukuta wa jiko. Bomba lenyewe halikulipiwa, lakini nilimwonyesha kifungu kinachosema kwamba gharama ya kubomoa na kurudishia sehemu ya jengo ili kulifikia bomba hilo inalipwa, naye akaiongeza.

Hundi ya kwanza ilikuwa ndogo kuliko makadirio ya fundi, na aliyekuwa hajasoma mkataba angedhani amedhulumiwa. Walikata dola 1,000 ambazo ni sehemu yetu wenyewe katika kila dai, kisha wakakata thamani iliyopungua kwa uchakavu wa makabati na sakafu. Kiasi cha uchakavu hulipwa baada ya matengenezo kukamilika na risiti kuwasilishwa, kwa wale walio na bima ya gharama kamili ya kurudishia jengo. Mkataba wetu ulitupa siku 180 tangu hasara kutokea kuwaarifu kwamba tutadai salio hilo, na niliwaandikia wiki ileile nilipopata hundi.

Hundi ilikuwa na jina langu pamoja na la benki iliyotukopesha fedha za nyumba, jambo la kawaida kwa nyumba yenye mkopo. Benki iliweka fedha hizo katika akaunti yake na kuzitoa kwa awamu, kila mara baada ya mkaguzi wake kuona kazi. Kwa hiyo kabla ya kusaini na fundi nilihakikisha amekubali kulipwa kwa awamu zilezile. Mmoja alikataa, wa pili akakubali.

Salio la uchakavu lilipokuja, tuliongeza katika mkataba mpya kipengele cha maji yanayorudi kupitia mifereji ya taka na shimo la pampu ya kuondoa maji chini ya nyumba. Maji ya theluji yanayopenya msingini bado hayamo, na kwa hayo tulilipa wenyewe kuinua udongo kuzunguka nyumba ili mteremko uelekee mbali na ukuta.